Kurasa za Mwanzo Zimechakaa, Zilizobaki Hazijaguswa

Chukua moduli, yaani kitabu cha kozi, ya mwanafunzi wa elimu masafa aliyekwama, iweke mezani, kisha itazame ubavuni. Kurasa 20 za kwanza zimefura, pembe zimekunjika, vumbi jekundu la Dodoma limeingia hadi kwenye mshono. Kuanzia hapo mpaka jalada la nyuma, karatasi ni nyeupe kama siku ilipotoka kwa mchapaji. Mwenye moduli hiyo si mvivu. Ameianza mara nne au tano, na kila alipoikatisha kwa wiki mbili tatu aliona haya kuendelea pale alipoishia, akarudi sura ya kwanza. Utangulizi anaujua kuliko aliyeuandika. Sura ya sita, inayotoa maswali mawili kwenye mtihani, hajawahi kuifungua.

Ushauri anaopewa mtu huyu kwa sehemu kubwa umetoka bwenini. Amka saa 10 usiku. Soma saa tano mfululizo. Kesha mwezi wa mwisho. Anayeutoa husahau kwamba prepo ya bwenini, yaani kipindi cha kujisomea, ilikuwa na kengele, na mwalimu wa zamu aliyepita na fimbo, na mpishi aliyesonga ugali wa watu 400 ili wewe ukae na daftari lako. Karani wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anayelala Nkuhungu, au mwalimu wa Chamwino mwenye ekari tatu za mtama, hana hata kimoja kati ya hivyo. Tukimpa ratiba ya bweni tunampa nguo ya mtu mwingine. Ninavyoona, makosa yake makubwa ni mawili: anapanga mwaka wa mwanafunzi wa bweni ndani ya maisha ya mtu mwenye ajira, shamba na watoto, na muda mchache anaoupata anautumia kusoma tena alichokwisha kukisoma, badala ya kujiuliza.

Tuanze na la kwanza, kwa sababu ni la hesabu, na hesabu haina upendeleo.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mmoja kamili wa shahada ya kwanza ni krediti 120, yaani saa 1,200. Humo mna kusoma, mazoezi, kazi za kuandika, vipindi vya ana kwa ana, hata mtihani wenyewe. Gawa kwa wiki 40 upate saa 30 kila wiki. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki akijisajili kozi zote za mwaka, amejiajiri mara ya pili bila kujua. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo cha mkoa hapa Dodoma, kiliundwa makusudi ili mtu aende kwa mwendo wake. Ajabu ni kwamba wengi wanaojiunga nacho huupuuza uhuru huo. Wanasajili kozi zote ili wamalize pamoja na wenzao, halafu wanapata sapu (mitihani ya marudio) nne na kumaliza nyuma ya yule aliyechukua nusu.

Nusu ni krediti 60, saa 600, saa 15 kwa wiki. Kwa mwajiriwa hiyo inawezekana: saa moja na nusu kwa siku tano za kazi, saa nne na nusu Jumamosi, saa tatu Jumapili. Inawezekana, lakini usiikubali kwa imani. Kwa wiki nne za mwanzo andika kila siku saa ulizosoma kweli, simu ikiwa chumba kingine, na ukianza kuhesabu pale kalamu inapogusa karatasi. Kujaza maji kwenye ndoo, kutafuta chaja na kufungua faili hakuhesabiwi. Wengi wanaodhani wanasoma saa 15 hugundua ni saa 9. Ukipata 9, usijipe adhabu wala usiahidi 15 mwezi ujao. Saa 9 kwa wiki 40 ni saa 360, krediti 36, kozi tatu za krediti 12. Sajili tatu. Kabla ya hapo uliza kituoni kwako muda wa mwisho wa kumaliza programu yako ni miaka mingapi, ili mwendo wa pole usikufikishe ukutani.

Pima pia mwendo wako wa kusoma, kwa sababu hapa ndipo makadirio ya watu huanguka vibaya. Chukua kurasa tano za katikati ya moduli, soma kwa kuelewa huku ukiandika maswali pembeni, utazame saa. Tuseme umetumia dakika 40. Hizo ni dakika nane kwa ukurasa. Moduli ya kurasa 160 itakula dakika 1,280, yaani saa 21 na dakika 20, kwa kuisoma mara moja tu. Anayesema "nitaipitia wikiendi hii" hajawahi kufanya hesabu hiyo. Kinyume chake, kozi ya krediti 10 ina saa 100, kwa hiyo kuisoma mara moja ni kama sehemu moja ya tano ya kazi. Saa zinazobaki ni za nini? Tutafika.

Kwanza kalenda. Mtu wa Dodoma hana wiki 40 zinazofanana. Mvua zetu ni msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na mvua ya kwanza ikishuka hakuna moduli itakayomzuia mwenye shamba la Bahi au Kongwa kwenda kupanda. Palizi inafuata. Mei na Juni ni mavuno ya mtama, uwele na alizeti. Mwenye zabibu huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mwalimu wa msingi ana mtihani wa darasa la saba Septemba, wa sekondari ana kidato cha nne Novemba. Afisa wa wizara anajua Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni, na kwamba katika miezi hiyo kurudi nyumbani saa 3 usiku ni jambo la kawaida. Hata mhudumu wa nyumba ya wageni pale Area C ana msimu wake: Bunge likiwa mjini, vyumba vimejaa na zamu zimeongezeka.

Haya yote yanajulikana mwaka mzima kabla, lakini ratiba nyingi za kusomea huandikwa kana kwamba hayapo. Nunua kalenda ya ukutani, ile yenye miezi yote kwenye karatasi moja, chukua kalamu nyekundu ukate wiki unazojua hutasoma. Tuseme ni sita. Saa zako 600 sasa zinagawanywa kwa wiki 34, na kila wiki inadai karibu saa 17 na nusu badala ya 15. Ukiona huziwezi, toa kozi moja sasa hivi, Oktoba, kuliko kuitelekeza Mei ikiwa imelipiwa. Wiki zilizokatwa zisibaki tupu kabisa: dakika 15 kwa siku za kujiuliza maswali ya zamani zinatosha kuzuia moduli isirudi kuwa mgeni. Hapo ndipo ugonjwa wa sura ya kwanza unapotibiwa. Mtu aliyeshika uzi, hata kwa dakika 15, haoni haya kuendelea ukurasa wa 74.

Hali ya hewa nayo ina neno. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba cha bati saa 9 alasiri hakisomeki. Kichwa kinauma na jasho linalowesha karatasi. Miezi hiyo alfajiri ndiyo dhahabu, saa 11 hadi saa 12 na nusu. Juni na Julai upepo na baridi ya Dodoma humgandisha mtu kwenye blanketi, na anayeshikilia alfajiri kwa ukaidi huishia kusoma kurasa mbili kwa kusinzia. Hamisha kipindi kiwe jioni. Mazoea mazuri hayadai saa ileile mwaka mzima. Yanadai kitu kinachotangulia kiwe kilekile: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kuosha vyombo, baada ya mtoto kulala. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya kwa njia hiyo. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi tabia ijiendeshe yenyewe, lakini wapo iliowachukua siku 18 na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Tena ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayekosa Jumanne akasema "wiki imeshaharibika, nitaanza Jumatatu" anatupa siku tano ili kuomboleza moja.

Sasa zile saa zinazobaki.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa masafa angelibandika ukutani. Kundi moja lilisoma habari fupi vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likafunika na kuandika lililokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tu waliongoza: asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, waliojipima 61. Tazama tena zile tarakimu za dakika tano, kwa sababu ndimo udanganyifu ulimo. Kusoma tena na tena kunakupa hisia ya kujua usiku huohuo. Kalamu ya rangi inayong'aa inafanya kazi hiyohiyo. Ukurasa mzima ukiwa wa njano, macho yanautambua na akili inadhani kutambua ni kujua. Mtihani hauulizi kama unautambua ukurasa.

Kipindi cha dakika 90 kinaweza kukatwa hivi. Dakika 10 za kwanza usifungue kitu: chukua karatasi tupu uandike yote unayokumbuka ya jana, hata kama ni mistari mitatu. Dakika 35 zinazofuata soma sehemu mpya, kurasa nne au tano, na kila aya yenye hoja uigeuze swali pembeni ya daftari. Dakika 5 simama, toka nje, usishike simu. Dakika 30 funga moduli ujibu maswali yako kwa maandishi kamili, si kwa vidokezo. Dakika 10 za mwisho fungua moduli usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ulichokosa kinahamia kwenye daftari la pili, la makosa, pamoja na tarehe.

Watu huharibu wapi? Kwenye zile dakika 10 za mwanzo. Karatasi tupu inauma. Inaonyesha kwamba jana umepata kidogo. Wengi hukimbilia kufungua moduli "kujikumbusha kwanza", na hapo zoezi zima limekufa. Kule kuhangaika kutafuta jibu kichwani ndiko kunakolikaza. Kosa la pili ni kuandika maswali mepesi, ya "taja" na "eleza maana", wakati mitihani ya chuo inauliza "jadili" na "linganisha". Tafuta mitihani iliyopita mapema, wiki ya kwanza ya kozi, uone vitenzi vyake, kisha uandike maswali yako kwa vitenzi hivyo.

Daftari la makosa lina ratiba yake. Swali ulilokosa leo lijaribu kesho, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Ukilipata mara tatu mfululizo, lipige mstari. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea saa na siku za mwanzo, kisha mteremko unapungua. Ndiyo maana rudio la kwanza haliwezi kungoja wikiendi.

Anayesafiri kila siku kwenda Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji, ana kipindi cha ziada ambacho mara nyingi hupotea. Kusoma ukiwa umesimama kwenye daladala ni kujichosha bure. Rekodi sauti yako mwenyewe kwenye simu: swali, kimya cha sekunde 10, jibu. Maswali kumi ya namna hiyo hayazidi dakika saba. Haili bando, haihitaji macho, na aliye pembeni yako anadhani unasikiliza muziki.

Lugha ni jambo ambalo washauri hulikwepa, sijui kwa nini. Moduli nyingi za chuo zimeandikwa kwa Kiingereza na mtihani hujibiwa kwa Kiingereza, ila asiyekielewa kitu kwa Kiswahili kwa kawaida hajakielewa kabisa. Amekariri tu sentensi. Njia inayofaa ina hatua mbili. Eleza ulichosoma kwa sauti, kwa Kiswahili, kana kwamba unamweleza mdogo wako wa kidato cha pili. Ukikwama, hapo ndipo usipopaelewa, rudi kwenye aya hiyo. Ukishaeleza bila kukwama, andika jibu kwa Kiingereza. Wengi hufanya hatua moja tu. Anayeishia hatua ya kwanza huelewa vizuri na kuishia kuandika majibu mafupi yaliyokosa istilahi. Anayeruka hadi ya pili hunakili istilahi na kuzipanga mahali pasipo pake. Istilahi ziwe na kurasa zake mwishoni mwa daftari, kila moja na maelezo ya Kiswahili ya mstari mmoja na sentensi moja ya Kiingereza uliyoitunga wewe.

Kuhusu magrupu ya WhatsApp nitakuwa mkali kidogo. Grupu la watu 180 si grupu la kusomea. Ni kijiwe chenye madesa, yaani noti za kugawana. Mtu hupakua faili 60 kwa mwezi, hajafungua hata tano, na kila anapopakua anajisikia kana kwamba amesoma. Libakize kwa ajili ya matangazo, ulinyamazishe, ulifungue mara moja kwa siku. Kusoma kwa pamoja kunahitaji watu watatu au wanne wanaochukua kozi ileile, dakika 60 hadi 90 kwa wiki, ana kwa ana au kwa simu, kila mmoja akija na maswali mawili na majibu yake. Anayeulizwa anajibu bila kutazama. Anayekuja mikono mitupu mara tatu anaachwa, kwa adabu. Kikao cha namna hiyo kinafanya kazi aliyokuwa akiifanya mwalimu alipokunyooshea kidole darasani: unajiandaa kwa sababu utaulizwa.

Nyumbani kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye ratiba. Baba anayesoma akisema "nina mtihani", nyumba inanyamaza. Mama anayesoma akisema hivyohivyo, mara nyingi bado atapika, ataogesha watoto, ataanika sare za shule, na moduli ataifungua saa 4 usiku akili ikiwa imekwisha. Kumwambia mwanamke huyo ajenge nidhamu ni kumtukana. Anachohitaji ni makubaliano yenye siku na saa, yaliyosemwa mbele ya watu wa nyumbani: Jumanne na Alhamisi, saa 1 hadi saa 2 na nusu usiku, jiko si lake. Jioni mbili za namna hiyo zina thamani kuliko usiku tano wa kusinzia. Wazazi wote wanaweza pia kukaa meza moja na watoto wakati wa kazi za shule. Mtoto akiona mama anaandika na kusahihisha kwa kalamu nyekundu, kelele hupungua zenyewe.

Vifaa visikuchukulie muda mwingi. Pakua moduli na vitini vyote mwanzoni mwa muhula ukiwa mahali penye mtandao mzuri, hasa kama unaishi Chemba au vijiji vya Mpwapwa ambako mtandao hukatika. Maandishi ya moduli nzima kwa kawaida ni megabaiti chache, wakati video ya saa moja huweza kula mamia. Ukiwa na bando dogo, chagua maandishi. Umeme ukikatika, taa ndogo ya sola hukupa mwanga, na pawabenki ya mAh 10,000 hukupa chaji moja na ushee ya simu ya kawaida, kwa sababu sehemu ya chaji hupotea njiani. Kama mfuko unaruhusu, chapisha angalau sura ngumu. Karatasi haileti ujumbe wa mjomba.

Usajili wa mitihani umewaangusha watu waliosoma vizuri kabisa. Kujisajili kwa kozi na kujisajili kwa mtihani huenda yakawa mambo mawili tofauti kwenye mfumo wa chuo chako. Ulizia, kisha chapisha uthibitisho wa yote mawili. Wanaosomea mtihani wa maarifa (QT, wa kumruhusu asiyepita sekondari kufanya kidato cha nne) au kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea wakumbuke kwamba mtihani ni Novemba lakini usajili hufanyika miezi mingi kabla, mapema mwaka uleule. Tarehe hizo ziende kwenye ile kalenda ya ukutani pamoja na wiki zilizokatwa.

Wiki sita kabla ya mtihani badilisha uwiano: kusoma kupya kuwe robo ya muda, kujibu robo tatu. Fanya mazoezi mawili kamili kwa kila kozi, kwa muda wa mtihani wenyewe, bila kusimama, kwa mkono. Hili la mkono ni muhimu kuliko linavyosikika. Mtu aliyeandika kwa vidole gumba kwenye simu mwaka mzima huanza kupata maumivu ya kiganja swali la tatu, na mwandiko unaanza kulala. Mtihani wa saa 3 wenye maswali 5, ukitoa dakika 10 za kusoma karatasi na 10 za kupitia mwishoni, unakuachia dakika 32 kwa swali. Saa ya ukutani ikifika dakika 32, acha nafasi ya nusu ukurasa uende swali linalofuata. Jibu la kwanza likinyooshwa hadi dakika 55, alama linazoongeza ni chache kuliko zile unazopoteza kwa kuliacha la tano tupu.

Na kama kituo chako cha mtihani kiko mjini nawe unatoka Kibakwe au Kondoa vijijini, safiri siku moja kabla. Lala kwa ndugu, na usiku huo pitia daftari la makosa peke yake.